Midomo Ikivimba Ghafla: Mwongozo kwa Wakazi wa Mugumu na Vijiji vya Jirani

Midomo ya mtu ikivimba ghafla, angalia kwanza pumzi, sauti, ulimi na ngozi yake. Je, anavuta pumzi kwa shida, au kifua kinapiga filimbi? Sauti imekwaruza au imekuwa nzito? Ulimi umenenepa hadi mate yanamchuruzika kwa kuwa hawezi kuyameza? Mwili umetoka mabakamabaka yanayowasha, au anatapika na kuona kizunguzungu? Kama jibu ni ndiyo kwa lolote kati ya hayo, weka makala hii kando na umpeleke mgonjwa kwenye kituo cha tiba kilicho karibu kuliko vyote.

Nasema kilicho karibu kuliko vyote kwa makusudi. Mtu wa Robanda, Machochwe au Natta akipatwa na jambo kubwa, mawazo yake hukimbilia Mugumu mjini, kwenye Hospitali Teule ya Nyerere. Wa upande wa pili huwaza Tarime. Hospitali ni pazuri, lakini dawa inayookoa maisha katika dakika za mwanzo za mzio mkali ni sindano ya adrenalini, dawa ya bei nafuu ambayo hata zahanati inatakiwa kuwa nayo. Kama una namba ya simu ya mganga wa zahanati yenu, mpigie kabla ya kuondoka nyumbani, umuulize kama yupo na kama adrenalini ipo. Dakika moja ya simu inaweza kukuepusha na mlango uliofungwa.

Ukifika, sema kwa kifupi: ameanza kuvimba muda gani, alikula au alimeza nini kabla ya hapo, na sasa anapumua vipi. Mhudumu atachoma adrenalini kwenye nyama ya paja, upande wa nje. Dozi ya mtu mzima ni miligramu 0.5, ya mtoto ni ndogo zaidi kulingana na umri, na inaweza kurudiwa baada ya dakika 5 hali isipotengemaa. Piriton na dawa nyingine za kupunguza muwasho zina kazi yake, lakini hazishiki nafasi ya adrenalini. Mgonjwa akipewa Piriton peke yake huku anahangaika kupumua, una haki ya kuuliza kwa upole, "Daktari, adrenalini vipi?"

Njiani mgonjwa alale chali, miguu imeinuliwa. Akiona kulala kunambana pumzi, mwache aketi. Usimsimamishe ghafla wala kumtembeza, kwa sababu presha inaweza kushuka akaanguka. Gari ni bora kuliko pikipiki. Kama kilichopo ni bodaboda tu, mtu mwingine apande nyuma yake amshike vizuri. Usimnyweshe maziwa, mafuta ya kula wala maji ya majivu, maana koo lililovimba halimezi, na kinywaji hicho kinaweza kuingia kwenye mapafu.

Akipata nafuu, asirudi nyumbani papo hapo. Mzio mkali unaweza kurudi saa kadhaa baadaye bila mgonjwa kugusa tena kilichouanzisha, kwa hiyo akubali kukaa chini ya uangalizi hata kama anajiona mzima.

Kidonge cha presha ambacho hakuna anayekishuku

Kwetu mtu akiamka mdomo umefura, jirani wa kwanza atasema amekojolewa na buibui. Wa pili atauliza amegombana na nani. Ningependa swali la kwanza liwe jingine kabisa: unameza dawa gani?

Lipo kundi la dawa za presha ambazo majina yake huishia na herufi p-r-i-l. Zilizo maarufu ni Captopril, Enalapril na Lisinopril. Ni dawa nzuri, zinalinda moyo na figo, na watu wengi wanazimeza kila siku bila tatizo. Hata hivyo, zinauzuia mwili kuvunja kemikali iitwayo bradikinini. Kwa wachache kemikali hiyo ikirundikana, mishipa midogo ya damu hulegea na maji yake huvuja kwenye midomo, mashavu, ulimi na koo. Watu wenye asili ya Afrika hupatwa na uvimbe huu mara kadhaa zaidi ya Wazungu. Jambo hilo linatuhusu moja kwa moja, na linapaswa kusemwa kila mgonjwa anapokabidhiwa vidonge hivi.

Uvimbe wa namna hii hauwashi wala hauna vipele. Unaweza kuja wiki ya kwanza ya dawa, na unaweza kuja baada ya miaka ya kumeza salama, ndiyo maana haushukiwi. Mzee anaamka mdomo wa juu umejaa upande mmoja. Anadhani ni mdudu wa usiku. Kesho yake au kesho kutwa umeshuka wenyewe, naye anaendelea na kidonge chake. Miezi kadhaa baadaye unarudi, na safari hii unakuja na ulimi.

Ukiona hivyo, acha kidonge hicho siku hiyo hiyo na usikirudie tena maishani, wala usibadilishe Enalapril kwa Captopril, maana ni ndugu wa tumbo moja. Nenda kliniki siku hiyo hiyo ukiwa na pakiti yako, upewe dawa ya kundi jingine, kwa mfano Amlodipine. Usikae bila dawa yoyote, kwa sababu presha isiyotibiwa nayo huleta kiharusi. Jambo la kukumbuka zaidi ni kwamba uvimbe huu hausikii vizuri adrenalini wala Piriton. Ukifika kwenye ulimi au koo, mgonjwa apewe rufaa mapema kwenda hospitali inayoweza kumwekea mpira wa kupumulia, kabla njia ya hewa haijaziba.

Dawa nyingine zinazovimbisha midomo ni Aspirini, Brufen, Diclofenac na jamii ya penisilini, ambazo watu hununua kwenye duka la dawa muhimu bila kuulizwa historia yao. Halafu kuna hatari ya aina nyingine, inayokuja taratibu. Inaitwa ugonjwa wa Stevens-Johnson. Mara nyingi huanza kati ya siku chache na wiki kadhaa tangu mtu aanze dawa mpya: Septrini, SP ya malaria, dawa za kifafa kama Carbamazepine na Phenobarbital, au Allopurinol ya gauti. Kwanza homa na macho mekundu, kisha midomo huvimba, huchubuka na kuganda damu, na ngozi hutoa malengelenge na kubanduka kama iliyoungua moto. Dawa isimamishwe na mgonjwa alazwe bila kuchelewa. Losheni na mafuta ya dukani havitasaidia kitu hapo.

Chakula, nyuki na utomvu

Karanga, mayai, maziwa, samaki na dagaa ndivyo vyakula vinavyoshukiwa mara nyingi. Mzio wa chakula hujitokeza haraka, kwa kawaida ndani ya dakika chache hadi saa mbili, na hurudi kila mtu akila kitu kile kile. Kama ulikula dagaa jana mchana na mdomo umevimba leo asubuhi, tafuta sababu nyingine kabla ya kuihukumu mboga.

Ganda la embe lina utomvu unaochoma ngozi. Mtu anayelimenya kwa meno anaweza kupata midomo iliyovimba na kuwasha siku moja au mbili baadaye, kisha ngozi inayozunguka mdomo hukauka na kubanduka. Osha kwa sabuni na maji, na safari nyingine menya kwa kisu. Magimbi yasiyoiva vizuri huwasha na kuvimbisha midomo papo hapo, kwa sababu yana chembechembe kali zinazodunga kama sindano. Utomvu mweupe wa mnyaa unaopandwa kuwa ua wa boma ni mbaya kuliko hivyo vyote. Watoto huvunja matawi wakicheza, kisha hujipangusa uso. Osha kwa maji mengi yanayotiririka, na kama umeingia jichoni, endelea kuosha na umpeleke mtoto hospitali siku hiyo hiyo.

Kuumwa na nyuki mdomoni ni hatari hata kwa mtu asiye na mzio, kwa sababu uvimbe uko jirani na njia ya hewa. Nyuki huingia kwenye chupa ya soda au kikombe cha togwa bila kuonekana. Ondoa mwiba haraka kwa njia yoyote iliyo karibu, kwa kuwa kinacholeta tofauti ni muda ambao mwiba unabaki ukitoa sumu. Weka kitambaa cha maji baridi na mfuatilie mgonjwa kwa saa kadhaa. Waliochomwa ndani ya mdomo au kooni waende kituoni bila kusubiri.

Wanaoishi kando ya Hifadhi ya Serengeti, na wanaopitia lango la Ikoma kwenda kazini, wamkumbuke pia ndorobo, yaani mbung'o. Anapouma huacha kidonda chekundu kilichovimba, na wachache wao hubeba vimelea vya malale. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliotembelea Serengeti walirudi kwao na ugonjwa huo. Kidonda cha namna hiyo usoni kikifuatwa na homa isiyosikia dawa ya malaria, mweleze daktari kwamba umeumwa na ndorobo, ili damu yako iangaliwe kwa darubini.

Homa iliyotokea mdomoni

Vipele vya maji vinavyojikusanya pembeni mwa mdomo, vikiuma na kuvimba kidogo, watu husema ni malaria imetoka. Ukweli ni kwamba hivyo ni virusi vya hapesi, ambavyo wengi wetu tumeviokota utotoni na vinalala kwenye mishipa ya fahamu. Homa yoyote, jua kali au uchovu huviamsha. Malaria ni mojawapo tu ya homa hizo, kwa hiyo vipele si kipimo. Mwenye homa apimwe malaria kwa kipimo cha haraka kilichopo zahanati, atibiwe kinachoonekana. Vipele vyenyewe huisha ndani ya siku 7 hadi 10. Aciclovir husaidia ikianzwa mapema, wakati mdomo unapoanza kuchonyota. Katika siku hizo usimbusu mtoto mchanga wala usichangie kikombe, kwa kuwa virusi hivi vinaweza kumuua mtoto wa wiki chache. Vidonda vinavyokaa zaidi ya mwezi mmoja ni sababu ya kupima VVU.

Jino, na meno ya nailoni

Uvimbe unaouma, unaopwita na kuongezeka kwa siku mbili tatu, mara nyingi chanzo chake ni jino lililooza. Jino la mbele la juu huvimbisha mdomo wa juu, la chini huvimbisha mdomo wa chini na kidevu. Kumeza Amoxicillin nusu dozi kutoka dukani hutuliza kwa wiki moja, kisha usaha hurudi. Tiba ni kutoa usaha na kutibu au kung'oa jino. Vimbe zinazoshuka chini ya kidevu, zinazoinua ulimi au kumfanya mtu ashindwe kupanua kinywa ni dharura. Vilevile jipu la mdomo wa juu au la puani lisikamuliwe: mishipa ya damu ya eneo hilo inaelekea karibu na ubongo, na usaha unaweza kusafiri nayo.

Hapa ninawaomba akina mama na akina bibi wanisikilize. Mtoto mchanga anapoharisha, anapata homa na kukataa kunyonya, wapo watakaofunua midomo yake, waone ufizi mweupe uliotuna, na kusema ana meno ya nailoni. Atapelekwa kwa mtu wa kuyachokonoa kwa spoku ya baiskeli, kisu au kucha, au ufizi utasuguliwa dawa za miti. Kinachotolewa pale si ugonjwa. Ni chipukizi za meno ya chonge ya utotoni, ambazo kila mtoto anazaliwa nazo. Baada ya hapo midomo na ufizi huvimba, mtoto huvuja damu, na wengine hupata pepopunda au vijidudu kwenye damu. Wanaopona hukua na meno yaliyopinda au yasiyoota kabisa. Kuhara kwenyewe hubaki bila tiba, na kuhara ndiko kunakoua.

Mtoto anayeharisha apewe ORS na zinki, aendelee kunyonya, apelekwe zahanati. Kama meno tayari yametolewa, mpeleke hata hivyo, na useme ukweli wote. Mhudumu akijua kilichofanyika ataangalia damu, chanjo ya pepopunda na maambukizi. Akifichwa atatibu kitu kingine. Anayeona aibu akumbuke kwamba desturi hii iko mikoa mingi ya Tanzania, na wahudumu wameshaiona.

Mbwa, fisi na ajali

Mdomo uliopasuka kwa ajali ya pikipiki au teke la ng'ombe ubanwe kwa kitambaa safi dakika 10 hadi 15 bila kufunuafunua. Mpasuko unaovuka mstari wa mdomo ushonwe na mtu anayejua, siku hiyo hiyo, la sivyo mdomo utapona ukiwa umepinda. Uliza kuhusu sindano ya pepopunda.

Kuumwa mdomoni na mbwa, fisi au mbweha ni suala jingine. Wilaya yetu ya Serengeti imechanja mbwa kwa kampeni tangu miaka ya 1990, na tafiti zilizofanyika hapa hapa zimesaidia dunia kuelewa kwamba kichaa cha mbwa kinaweza kudhibitiwa kwa kuchanja mbwa wa kutosha. Hata hivyo ugonjwa bado upo. Jeraha la usoni ni baya zaidi kwa sababu liko karibu na ubongo, hivyo dalili zinaweza kuja mapema, na zikishaanza hakuna tiba. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Nenda hospitali siku hiyo hiyo upate chanjo ya kwanza na uulize kuhusu dawa ya kingamwili inayochomwa kwenye jeraha lenyewe. Rudi kwa kila tarehe utakayoandikiwa, hata kama jeraha limefunga na mbwa anaonekana mzima. Na usikubali jeraha lishonwe kwa haraka kabla halijaoshwa na dawa hiyo haijazungumzwa.

Uvimbe usioondoka

Mtoto ambaye taya, ufizi au mdomo wake unavimba na kukua siku kwa siku, meno yakilegea bila kuoza, asing'olewe jino. Huenda ni limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto inayopatikana sana maeneo ya Ziwa Victoria yenye malaria nyingi. Ilielezwa kitaalamu na daktari Denis Burkitt mwaka 1958, kutokana na watoto aliowaona Kampala. Kwetu ina historia yake: kati ya 1977 na 1982 watoto wa Mara Kaskazini walipewa klorokwini ili kuona kama kupunguza malaria kungepunguza saratani hii. Uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku chache, lakini pia ni miongoni mwa saratani zinazosikia dawa vizuri. Omba rufaa kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza, na usiipoteze wiki hata moja kwa waganga wa kienyeji.

Mtoto dhaifu, aliyetoka kuugua surua au mwenye utapiamlo, akipata kidonda cha ufizi chenye harufu kali na shavu au mdomo ukavimba na kuwa na doa jeusi, huenda ni noma. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuingiza ugonjwa huu kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele. Bila tiba huua watoto wengi na hula nyama ya uso. Ukiwahiwa hatua za mwanzo, dawa za vijidudu, usafi wa kinywa na chakula bora huuzima.

Kwa watu wenye ualbino, mdomo wa chini ndio unaopigwa na jua mchana kutwa. Ukikauka, ukapasuka na kubaki na kidonda kigumu kwa zaidi ya wiki 3, uchunguzwe kwa kukatwa kipande kidogo na kupimwa maabara. Saratani ya mdomo ikigunduliwa mapema huondolewa kwa upasuaji mdogo. Wavae kofia yenye ukingo mpana, na mafuta ya jua, kama KiliSun inayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, yapakwe pia midomoni. Wengi hupaka uso na kuisahau.

Kuna pia familia ambazo uvimbe wa midomo, mikono na hata tumbo linalouma sana hurudi tangu ujana bila kuwasha, kwa baba, shangazi na watoto. Huo ni ugonjwa wa kurithi na hausikii dawa za mzio. Ukimwona daktari, mtaje ndugu anayepatwa na hali hiyo.

Unapokwenda kwa daktari

Kwa uvimbe mwingi wa midomo, kipimo kikuu ni maelezo yako. Beba pakiti zote za dawa, za hospitali na za miti shamba, hata za kupaka na za kuoshea kinywa. Piga picha ya mdomo kwa simu wakati umevimba, kwa sababu unaweza kuwa umeshuka utakapofika kwenye foleni. Kumbuka saa ulipoanza, ulichokula, rangi ya mdomo mpya uliyonunua, dawa ya meno uliyobadilisha, na kama imewahi kutokea. Kutokana na hayo daktari ataamua kama unahitaji kipimo cha malaria, damu, VVU, picha ya jino au kipande cha nyama. Wengine hawatahitaji kipimo chochote.

Uvimbe mdogo usio na dalili za hatari hutunzwa nyumbani kwa kitambaa cha maji baridi, dakika 10 hivi kila baada ya muda, na kichwa kuinuliwa wakati wa kulala. Usipake dawa ya meno, majivu wala spiriti. Kama kuna muwasho, Cetirizine ya miligramu 10 mara moja kwa siku humtosha mtu mzima. Panadol hutuliza maumivu. Usipopungua ndani ya siku 2, au ukirudi mara ya pili, nenda ukachunguzwe. Na ikigundulika kuwa dawa fulani ndiyo iliyokudhuru, mwombe mhudumu aandike jina lake kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la mbele la daftari lako la kliniki, kisha mfundishe mtu mmoja nyumbani kulitamka, kwa sababu siku utakayohitaji kulitaja huenda sauti ikawa haitoki.